Bi Mwatumu na Mzigua wa Mkwaja

Mume wangu Methusela alikuwa na washirika wawili katika maisha yake: mimi, na mwosha maiti. Mimi alinioa kanisani Magila mbele ya padri na shangazi zangu wote. Yule mwingine alikuja mwenyewe kwa miguu mpaka uani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, akavua viatu mlangoni kama kwake, akaketi juu ya kinu changu, ambacho kwetu hakikaliwi na mtu, akauliza, "Wewe ndiye mke wa yule askari aliyefukuzwa?"

Nilikuwa nachambua mchicha. Nikamjibu kwamba mume wangu hakufukuzwa, aliacha.

"Haya, aliyeacha. Mwite. Nimeambiwa mimi mwizi, nami nataka anishikie mwizi mwenzangu."

Huyo ndiye Bi Mwatumu binti Haji. Mdigo, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto na mikono laini kuliko ya bibi harusi. Kazi yake ilikuwa kuwaosha wanawake waliofariki, na kuwakalisha eda wajane, yaani kuwaingiza ndani, kuwavika nyeupe na kuwafundisha la kufanya na la kutofanya mpaka muda wao uishe. Hakuna nyumba ya Kiislamu kati ya Tanga na Tongoni ambayo hakuijua chumba kwa chumba. Sasa katika nyumba moja dhahabu ya marehemu ilikuwa imepotea, na kwa kuwa mwosha ndiye hubaki na maiti, kidole kilimwelekea yeye.

Methusela naye alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mbondei mrefu, mkimya, mkavu. Alikuwa askari polisi miaka mingi, akaacha kazi kwa sababu bwana mkubwa wake mmoja alimtaka aape kortini kwamba ameona jambo ambalo hakuliona. Siku hizo alikuwa akilinda ghala la mkonge na kung'arisha buti zake kila asubuhi kama anayesubiri kuitwa tena. Alikwenda kwenye ile nyumba ya msiba, akapima dirisha, akatazama nyayo, akauliza watu mmoja mmoja walikuwa wapi na saa ngapi. Hakupata kitu. Bi Mwatumu aliketi jikoni na wanawake, akauliza swali moja tu: nani amelia kupita kiasi? Wakamtaja mke wa kaka. Methusela alipoambiwa, akakumbuka kwamba mwanamke huyo ndiye pekee aliyeketi muda wote bila kubadilisha mkao. Dhahabu ilikutwa imeshonewa kwenye pindo la kanga yake.

Basi ikawa ndiyo kazi. Mtu akipotelewa na cherehani, na ng'ombe, na mume aliyekwenda mashamba ya mkonge asirudi, anakuja uani kwangu. Watu wakawabandika jina, Buti na Buibui. Malipo yao yalikuwa kuku, mchele, na mara nyingi shukrani, na shukrani haipikiki. Nami nilinuna. Mwanamume wangu anatembea mjini na mwanamke wa watu, tena mwosha maiti, wanabishana barabarani mpaka watoto wanawafuata! Walibishana kwa kila kitu. Methusela anataka ushahidi, huyu anataka umbea. Yeye akitembea anatazama chini, huyu anatazama madirishani. Mchana yeye anasali kabla ya kula, huyu anamwambia, "Fupisha, Methusela, wali unapoa."

Kilichonibadilisha ni msiba wa mama yangu kule Muheza. Bi Mwatumu hakuwa na ruhusa ya kumwosha, mama yangu alikuwa Mkristo. Lakini alikuja, akafunga kanga kiunoni, akashika jiko la msiba mpaka siku ya mwisho, akigombana na shangazi zangu juu ya chumvi. Tangu hapo aliyemsema vibaya mbele yangu tulikorofishana.

Hayo nimeyasema ili mjue ni mtu gani Kombo alimwendea.

Kombo wa Mkwaja alikuja mwaka wa hamsini na sita, adhuhuri, watu wake wawili wakabaki mlangoni. Alikuwa Mzigua mwenye mabega mapana, kanzu safi, na saa mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Kila mtu wa pwani yetu alijua saa zile zimetoka wapi. Kombo aliingiza hariri na saa kutoka Unguja bila kulipa ushuru, akizishusha fukwe za Ushongo na kwingineko. Kila mtu alijua pia kwamba mtu mmoja aliyewahi kumsema kwa wakubwa aliokotwa mikokoni, na kesi haikufika popote.

Mimi niliingiza watoto ndani. Bi Mwatumu hakunyanyuka hata.

"Mzigua! Umepotea njia, ama umekuja kutuibia kuku?"

"Mdigo, kuku wenu mifupa mitupu," Kombo akajibu, akacheka. "Nitaiba nini?"

Wadigo na Wazigua ni watani tangu enzi za mababu, na mtani humwambia mtani wake neno ambalo mwingine akilianza halimalizi. Hilo ndilo lililonifanya nipumue kidogo. Lakini kicheko cha Kombo hakikudumu. Akaketi kwenye mkeka, akasema habari yake.

Ndugu yake mdogo, Safari, alikuwa amekufa maji karibu na Ushongo wakishusha mzigo. Akazikwa Tongoni, alikokuwa ameoa na kujenga. Kabla majonzi hayajapoa, watu wa forodha wakamvizia Kombo ufukweni, siku na mahali penyewe, wakachukua mzigo wote na vijana wake wawili wakaingia jela.

"Kuna mtu amenisema," akasema. "Nataka jina. Jina moja tu, maelezo sitaki. Nyinyi mnasifika kwa kutafuta."

Methusela akamwuliza, "Na ukilipata, bwana, utalifanyia nini?"

"Nitalisalimia."

Mume wangu akamwambia kwamba kazi hiyo hataifanya. Kombo hakukasirika. Akatazama saa ya kulia, kisha ya kushoto, akasema, "Si neno. Mimi mwenyewe nimeshaanza kumtazama Khalifa, nahodha wangu. Alijua siku, alijua mahali. Nilitaka tu kuwa na hakika. Mkikataa, basi nitakwenda na nilichonacho."

Khalifa tulimjua. Alikuwa na mke mjamzito na watoto wadogo, na hakuwa mtu wa kusema chochote kwa yeyote. Bi Mwatumu akamtazama Methusela, Methusela akatazama buti zake. Niliona pale pale kwamba wamenasa. Wakikataa, anakufa mtu asiye na kosa. Wakikubali, watampelekea Kombo mwenye kosa kwa mikono yao.

"Tutakutafutia," Bi Mwatumu akasema. "Lakini Khalifa usimguse mpaka tuseme sisi."

"Nawangoja siku ya arobaini ya marehemu, Tongoni," akasema Kombo, akaondoka.

Wakafanya kazi kama walivyozoea. Methusela alikwenda Ushongo, akazungumza na wavuvi, akapima ufukwe, akarudi na ngozi imebabuka na mikono mitupu. Bi Mwatumu alizunguka majikoni. Waliwachambua mabaharia, wapagazi, wake zao, mpaka Mhindi mmoja aliyekuwa akinunua hariri. Methusela alipouliza habari za nyumba ya marehemu yenyewe, Bi Mwatumu alimkatiza.

"Hiyo iache. Mjane yumo edani, nimemwingiza mimi mwenyewe, na kizuka hatoki. Nimeshamwambia Kombo hivyo hivyo, asiisumbue ile nyumba."

Kizuka ndivyo tunavyomwita mjane aliye katika eda. Hatoki, haonwi na wanaume wa nje, na baada ya muda hata majirani humsahau, kama sanduku lililosukumwa chini ya kitanda. Hakuna mtu wa pwani ambaye angemhesabu. Hata mimi Mkristo sikumhesabu.

Arobaini ikakaribia. Jioni moja Methusela alirudi nyumbani ananuka pombe ya mnazi, jambo lisilo la kawaida yake, akasema amekaa na rafiki yake wa zamani anayelinda lango la forodha, na kibuyu cha pili kimemfungua mdomo.

"Ni mwanamke," akasema. "Alikuja mchana kweupe, buibui mpaka machoni. Akaingia, akasema maneno machache, akatoka. Sura hakuiona, sauti haijui. Mwanamke wa buibui! Tanga nzima ni wanawake wa buibui."

"Hakuna jingine?" Bi Mwatumu akauliza. Alikuwa anakunywa kahawa yangu na kuisema kwamba ni nyepesi.

"Jingine ni upuuzi. Anasema kilichomshangaza, yule mama alimpita karibu kabisa na hakunukia kitu. Si udi, si asumini, wala mafuta ya nazi. Nikamwambia, pua yako imeuawa na mnazi."

Bi Mwatumu akaweka kikombe chini. Uso ulimbadilika hata nikadhani kahawa imemdhuru.

"Mama Beatrisi," akaniambia mimi, Methusela hakumtazama, "mwanamke wa kwetu hatoki mlangoni bila harufu. Aliye masikini hupaka mafuta ya nazi. Aliye mgonjwa hufukizwa na wenziwe. Yupo mmoja tu asiyenukia, kwa sababu amekatazwa."

"Nani?"

"Kizuka," akasema. "Na aliyemkataza ni mimi."

Kesho yake tulipanda basi la Tongoni, yeye na mimi. Alitaka niende naye, akasema anahitaji mtu wa kumshika asimpige mtoto wa watu. Njia nzima hakutania mtu, hata kondakta alimwuliza kama anaumwa.

Asmahani, mjane wa Safari, alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Alikuwa ameketi kitandani nyuma ya pazia, nguo nyeupe, kichwa kimefunikwa, na mdogo wake Chiku amekaa kizingitini akitwanga iliki. Nikamtazama Chiku, nikamtazama dada yake, umbo lile lile. Chiku akaacha kutwanga.

"Shikamoo, Bi Mwatumu."

"Marahaba. Umetoka, Asmahani?"

"Nimetoka."

"Eda yangu niliyokuwekea mimi, ukavaa buibui ukapanda basi!"

"Chiku alilala mahali pangu, akaelekea ukutani. Waliokuja kunihani hawakutaka kuniamsha." "Bi Mwatumu, umekuja kwa ajili yangu, au umekuja kwa ajili ya Kombo?"

Asmahani hakungoja jibu, akasema yote. Baharia mmoja alikuja kutoa rambirambi, akamweleza yeye kwa siri kilichotokea baharini. Mashua ya Safari ilipinduka penye mwamba. Kombo alikuwa katika mashua ya pili, karibu, mahali pa kunyoosha kasia tu. Akaanza kuokoa marobota. Hariri ikilowa maji ya chumvi imekwisha, akasema, na Safari anajua kuogelea. Walipomaliza kupakia marobota, wakamtafuta Safari, hawakumwona.

"Akaja hapa akalia kuliko watu wote," Asmahani akasema. "Kisha akaketi nje ya pazia hili, akaniambia nikimaliza eda atanirithi, nyumba ya ndugu yake isipotee. Na mwanangu ataanza kwenda naye mashuani. Mwanangu! Nikakaa humu natazama ukuta. Nikajiuliza, nani wa kumwambia? Kaka sina, baba hayupo, wanaume wa hapa wote wanakula kwake. Basi nilikwenda kuwaambia watu wa serikali siku na mahali pa mzigo. Yule yule baharia ndiye aliyeniambia siku. Nilitaka wamkamate Kombo. Wakamkosa, wakakamata vijana."

Nilidhani Bi Mwatumu atamgombeza. Alipanda kitandani na kanga yake yenye vumbi la basi, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Alikuwa akilia kwa hasira, nilimjua. Alilia kwa sababu alikuwa amekaa katika majiko ya watu wengine wiki nzima na mwenye machungu yuko kwenye chumba alichokifunga yeye.

"Eda utailipa kwa Mungu, Yeye husamehe," akamwambia. "Kombo ndiye hasamehi."

Tuliporudi, walibishana uani kwangu kuliko siku zote nilizowajua, ila safari hii kwa sauti ya chini. Methusela alitaka twende polisi. Sheria ipo, akasema, mjane atalindwa.

"Sheria ipo mchana," Bi Mwatumu akamjibu. "Asmahani anaishi na usiku pia. Na harufu yake wewe umeipata kwa vibuyu viwili vya mnazi. Kombo ana vibuyu vingapi?"

Kisha mume wangu akasema, kwa utaratibu kama anayetoa ushahidi, "Basi nitamwambia ni mimi. Nilikuwa askari. Ataamini."

Niliziba mdomo kwa kanga nisipige kelele. Bi Mwatumu alinitazama mimi, halafu yeye, akamwambia, "Kaa chini, Methusela. Wewe ukisema hivyo utauawa tu, na haitamsaidia mtu. Mzigua anataka jina, mimi ndiye nitakayempa. Wewe njoo Tongoni na buti zako, usimame mlangoni."

Hakutuambia zaidi. Tulimwuliza, akatuambia tulale.

Siku ya arobaini uwanja wa nyumba ya Safari ulijaa. Mashekhe walisoma hitima, pilau likaiva, wanaume mikekani, wanawake upande wa jikoni nyuma ya ua wa makuti. Kombo aliketi mbele kama mwenye msiba, saa zake mikononi. Mabaharia wake walikuwapo wote, na Khalifa nahodha kati yao, rangi imemtoka. Asmahani alikuwa ndani nyuma ya pazia lake, na nilijua anasikia kila kitu. Methusela alisimama penye lango, buti zinang'aa, mikono mitupu, na watu wa Kombo hawakuacha kumtazama.

Sasa, asiyejua mambo yetu hatajua mtani ana nguvu gani msibani. Siku nyingine mtani ni wa kuchekesha. Msibani ana haki. Anaweza kulala kaburini maiti asizikwe mpaka apewe chake. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyotembea, alivyokoroma, alivyokopa watu asilipe, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Akitaka kitu, hupewa. Anayemkasirikia mtani wake msibani amejitia aibu yeye na ukoo wake, na tena watu husema amejitafutia nuksi.

Mashekhe walipokwisha kuomba dua, Kombo akainua kichwa. "Mdigo yuko wapi? Nina ahadi naye."

Bi Mwatumu akatokea jikoni. Alikuwa amejipaka unga usoni, amevaa kanzu ya mwanamume imemburuza chini, na mikononi mwake ana kanga zimefungwa vifundo vifundo, kapu zima. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema. Akaviringika mchangani katikati ya uwanja, akapiga mikono kama anayezama, akalia kwa sauti nyembamba, "Kaka! Kaka, nishike!"

Kisha akainuka, akatanua mabega, akavuta ndevu ambazo hana. "Ngoja kidogo, ndugu yangu, hariri inalowa!" Akaokota kifundo cha kanga, akakibusu, akakilaza mkekani, akakifunika.

Watu walicheka sana. Akazama tena. "Kaka, nishike!"

"Nakuja! Na hili moja." Akaokota kifundo kingine, akakibembeleza.

Mara hii walicheka wachache. Aliporudia mara ya tatu hakuna aliyecheka. Mabaharia walikuwa wanatazama mikeka. Mzee mmoja wa Kizigua, mjomba wake Kombo, alikuwa ameshika tasbihi bila kuivuta. Bi Mwatumu akalala mchangani, kimya, mikono imekunjuka, na hapo aliacha kuigiza mtu yeyote, maana alijua maiti zinavyolala. Mimi nilifunika macho.

Akaketi. Unga ulikuwa umechanganyika na jasho.

"Ulitaka jina, mtani," akasema. "Jina ni Mwatumu binti Haji. Mimi ndiye niliyekwenda forodha. Nilisikia umeua ndugu yako kwa ajili ya vitambaa, nikaona haifai uendelee kufanya biashara. Haya, nisalimie."

Ulikuwa uwongo, na alikuwa akiusema mbele ya watu waliotoka kusoma Kurani, na hakupepesa jicho. Kombo alisimama. Watu wake wawili wakasimama naye. Methusela akapiga hatua moja kutoka langoni, na mimi nikaita jina lake bila kujua.

"Kaeni," akasema Bi Mwatumu. "Sijamaliza. Mimi mtani nimeufunga msiba huu. Hatoki mtu hapa mpaka nilipwe, na malipo yangu nayataja mbele ya mashekhe. Nataka yule mjane. Mjane si shamba la minazi, harithiwi. Akimaliza eda nitamchukua mimi, na mtoto wake, nimrudishe kwa mama yake Tanga, na asiguswe na mtu. Nilipe, Mzigua."

Kombo alitazama watu wake, akaona hawamtazami. Akamtazama Khalifa, na Khalifa, yule aliyekuwa ametokwa na rangi, alikuwa amenyanyua uso sasa, anamkodolea macho. Wote walikuwa wamekwisha sikia mambo ambayo kila mmoja alidhani ni siri yake peke yake.

Mjomba wake ndiye aliyesema, bila kuinua sauti. "Kombo. Mlipe mtani wako."

"Mchukue," akasema Kombo.

Asmahani alimaliza eda yake, na Bi Mwatumu mwenyewe ndiye aliyemtoa, akamleta Tanga na mwanawe. Kombo hakumfuata. Asingeweza, hata angetaka: ndani ya msimu mmoja mabaharia walimhama, maana nani atapanda mashua ya mtu aokoaye marobota kwanza? Buti na Buibui waliendelea kubishana mitaani kwa miaka, na wapo watu Ngamiani hadi leo watakaokuambia kwamba Bi Mwatumu ndiye mwanamke jasiri kuliko wote waliowahi kuvaa buibui. Mimi pia nasema hivyo. Lakini siyo kwa sababu ya kuigiza kule. Nasema kwa sababu ya lililofuata, ambalo watu wengi hawakuliona kwa kuwa walikuwa wanakimbilia kuondoka.

Masinia yaliachwa nusu. Mashekhe waliaga haraka, mabaharia walitoka makundi makundi bila kumpa Kombo mkono, na hata wale watu wake wawili walikwenda kungoja mbali, barabarani. Akabaki peke yake juu ya mkeka, sinia la pilau mbele yake, hajagusa. Methusela alitaka tuwahi basi. Bi Mwatumu alikuwa anafuta unga usoni kwa pindo la ile kanzu alipopita karibu naye, na Kombo akasema, bila kumwangalia:

"Ulikosea, mtani."

Akasimama. "Wapi?"

"Hakuniita mimi." Alikuwa anatazama lile sinia. "Hakusema kaka. Alikuwa anamwita mama."

Mimi ningemwacha hapo. Nasema mbele ya Mungu, ningemwacha aketi na pilau lake mpaka inzi waje. Bi Mwatumu alinipa kapu la kanga nilishike. Akaenda jikoni, akarudi na birika la maji na beseni, akapiga magoti mbele ya mtu aliyekuwa tayari kumuua, akaishika mikono yake mmoja mmoja, akaanza kuinawisha.